Waliovuka Hawakurudi

Jeneza la Bi Mwanatabu lilikuwa limeshatoka uani, limekata kona ya kinyozi, na sasa lilikuwa linateremka uchochoro wa mafundi cherehani kwa mwendo wa watu wanaoshindana na jua. Mbele kushoto alibeba mwanawe wa pekee, Kibwana Pazi, amevaa kanzu ya kuazima na viatu vya ofisini. Mbele kulia alibeba mjomba wake, Fundi Kirobo, seremala, ambaye mdomo wake haukupumzika hata siku ya msiba wa dada yake mwenyewe.

"Kaza bega, wewe mtu wa wizara," mjomba alisema. "Mama yako kakubeba miezi tisa, wewe dakika tisa tu jasho linakutiririka?"

"Nakaza, mjomba."

"Unakaza kama unabeba faili."

Nyuma yao walikuja wanaume wengine arobaini na mmoja, wakipokezana miguu ya nyuma. Wanawake walibaki nyumbani, kama ilivyo desturi ya mtaa wa Kisiki, wakiinjika chakula cha waombolezaji.

Saa ilikuwa kumi na nusu. Jua lingezama saa kumi na mbili na robo, na katika Jamhuri ya Mbelembele kuzama kwa jua ni jambo la kisheria. Halmashauri ya Jiji ilikuwa imepitisha kwamba mwili wowote utakaokutwa nje baada ya magharibi ni mali ya Halmashauri, nao utazikwa katika Shimo la Jiji, kwa nambari, huko mkoa wa jirani. Hili lilifanywa kwa ajili ya usafi.

Bi Mwanatabu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: alale ubavuni mwa mumewe, kwenye makaburi ya upande wa magharibi, mahali alipojiwekea nafasi miaka kumi na tisa akaipalilia kila mwezi kama bustani ya mchicha. Kutoka kwa kinyozi hadi pale ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Katikati kuna barabara moja tu.

Barabara hiyo ilikuwa inafunguliwa siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Na Kibwana alijua jambo juu ya barabara hiyo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

*

Mbelembele ni nchi nzuri. Watu wake wanaishi kwa amani, hasa wanaonyamaza. Kiongozi wao anaitwa Mtangulizi Mkuu, na kifungu cha kwanza cha katiba kinasema hakuna mtu wala kitu kitakachomtangulia. Kwa mapenzi yake ya maendeleo, mwaka wa tatu wa utawala aliamuru magari yote ya serikali yang'olewe gia ya kurudi nyuma. Tangu hapo hakuna gari la serikali lililorudi nyuma, ila maegesho ya wizara yamekuwa marefu kuliko mji wenyewe.

Jiji lilipojaa watu, wafadhili walikubali kutoa fedha za Njia ya Mwendo wa Taifa, barabara ya mabasi ya haraka. Walitoa masharti matatu. Jiji lithibitishe kuwa linakua. Mabasi yasiende chini ya kilomita sitini kwa saa. Na maadili ya jamii yaheshimiwe. Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Gwambasa, alisema masharti matatu ni machache mno, angependa hata matano.

La maadili lilimalizwa kwa sura nzima ya ripoti, kurasa nne, tatu zikiwa picha za ngoma. La mwendo lilimalizwa kwa kuta mbili ndefu kuliko mtu mrefu, moja kila upande, ili wananchi wasiyasumbue mabasi kwa kuwepo. Tena mabasi yote yangekwenda upande mmoja, mbele. Suala la namna yatakavyorudi lilikuwa mikononi mwa kamati.

Likabaki la ukuaji, na hapo ndipo alipohitajika Kibwana Pazi, Afisa Mhesabu Nyayo Daraja la Tatu. Alitumwa Kisiki, mtaani kwao, akakaa kwenye kigoda siku saba penye kivuko cha makaburini akiwahesabu wapitao. Wiki ile kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani, na mazishi yalikuwa tisa. Fomu ilikuwa na safu mbili. Kwenda: mia sita na kumi na wanne. Kurudi: hakuna.

Sasa, kila mtoto wa Kisiki anajua kwamba waliokwenda kuzika hawarudi kwa njia waliyopita na jeneza. Huzunguka nyuma ya kiwanda cha ngozi, kwenye upenyo mwembamba usiopitisha jeneza, wakatokea sokoni, kifo kisije kikajua nyumba. Kibwana alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Akaandika pembeni ya fomu kwa kalamu ya risasi: wanarudi kwa njia nyingine.

Waziri alimwita mwenyewe.

"Bwana Pazi, hii njia nyingine iko safu ya ngapi kwenye fomu?"

"Haipo kwenye fomu, Mheshimiwa."

"Kama haipo kwenye fomu, iko wapi?"

"Iko nyuma ya kiwanda cha ngozi, Mheshimiwa."

"Mimi nakuuliza kiserikali, wewe unanijibu kama muuza maji." Akamsogezea kifutio. "Kijana, nchi inataka kukua. Usiikanyage."

Kibwana alifuta. Wataalamu wakakaa siku kumi na sita hotelini, wakagundua kwamba watu mia sita na kumi na wanne wamehamia magharibi kwa wiki moja na wamekataa kurudi, maana yake magharibi inakua kwa watu elfu thelathini na mbili kwa mwaka. Wafadhili walipiga makofi. Kuhusu kivuko, wataalamu walieleza kuwa safari kamili ni kwenda na kurudi, na pale haijawahi kufanyika safari kamili hata moja. Kivuko hakina watumiaji. Kikaondolewa, mabasi yakaokoa sekunde nne.

Kibwana aliweka saini. Alipandishwa Daraja la Pili, akapewa feni na kiti cha kuzunguka.

*

Mwisho wa uchochoro palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta lango la chuma, na mbele ya lango Koplo Sikudhani, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Simameni hapohapo. Hakuna kupita."

"Binti, jeneza la Kisiki likishainuliwa halisimami wala haligeuzwi," mjomba alijibu. Ikawa wote wanapiga hatua palepale, kulia, kushoto, kama kwata, na jeneza likiyumba kidogo juu ya mabega.

"Kivuko kilishafutwa, baba. Mnataka kuvuka, kipo Kivuko cha Taifa, kilomita kumi na moja kutoka hapa."

"Kilomita kumi na moja kwa miguu, na jua lile unaliona?"

"Naliona. Lakini hapa hakuna mtu anayevuka."

"Nani kasema hakuna anayevuka? Sisi ni mbuzi?"

Koplo akachomoa karatasi kutoka kifuani, akaisoma kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Nathibitisha kuwa mahali hapa hakuna mtu anayevuka na kurudi. Imesainiwa: K. Pazi, Afisa Mhesabu Nyayo."

Zikasikika hatua tu. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

"K. Pazi yupi?" mjomba aliuliza polepole, shingo imekwama chini ya mti wa jeneza.

"Mjomba..."

"Nimeuliza, wizarani kuna K. Pazi mwingine?"

"Hakuna."

Kutoka nyuma mtu akapasua: "Kumbe ndiyo feni ile! Na sisi tulikwenda kumpongeza, tukala na biskuti zake!"

"Mtoeni mbele huyo, tumpige!"

"Asiguswe mtu," Fundi Kirobo alisema. "Nikimwachia dada yangu nikupige, ataanguka. Kaza bega. Tutaongea akishalala."

Kibwana alitazama jua. Lilikuwa limegusa bomba la kiwanda cha ngozi. Miaka sita alikuwa amekaa wizarani akisoma kanuni ambazo hata waliozitunga hawakuzisoma.

"Koplo," alisema, "ni nini kinachoruhusiwa kuingia njia hii?"

"Chombo cha usafiri wa umma chenye nambari."

"Fomu za nambari ya muda unazo?"

"Ninazo mia mbili. Hajawahi kuomba mtu."

"Soma maswali."

Koplo aliwatazama, akatazama jeneza, kisha akatoa kalamu. Na yeye alikuwa na bibi yake aliyezikwa kule.

"Aina ya chombo?"

"Jeneza."

"Limetengenezwa kwa nini?"

"Mninga mtupu," mjomba alidakia. "Nimelitengeneza mwenyewe, halina msumari hata mmoja."

"Injini?"

"Watu wanne, wa kupokezana," alisema Kibwana.

"Abiria?"

"Mmoja."

"Amekaa au amesimama?"

"Amelala."

"Hapa kulala hakuna. Amekaa au amesimama?"

"Andika amekaa."

"Honi?"

Watu arobaini na mmoja wakapaza uradi kwa pamoja mpaka kunguru wakaruka ukutani.

"Honi ipo," Koplo aliandika. "Gia ya kurudi nyuma?"

"Halina," mjomba alisema. "Hilo halirudi nyuma hata ulivute kwa winchi."

"Safi. Hapo ndipo wengi wangekwama." Akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa jeneza NM 0001, maana hakukuwa na mwingine aliyetangulia, akafungua lango. "Kuvuka bado ni marufuku, mnasikia? Mnaingia kama basi. Mnafuata njia mpaka Kituo cha Makaburini, mnashukia upande wa magharibi. Na fanyeni haraka. Msafara wa Mtangulizi Mkuu uko nyuma."

*

Ndani ya zile kuta mbili hapakuwa na kivuli, na lami mpya ilinata kwenye viatu. Kituo kilionekana kwa mbali, bendera, bendi ya tarumbeta, na watoto wa shule waliosimamishwa tangu asubuhi ili wafurahi. Watu wa Kisiki walikuwa hawajafika hata nusu ya njia waliposikia honi nyuma yao.

Ilikuwa honi ndefu, ya basi ambalo dereva wake ameonywa asishuke chini ya kilomita sitini.

"Mjomba, tukimbie?"

"Jeneza halikimbizwi."

"Sasa tufanyeje?"

"Tembea kwa hasira."

Wakatembea kwa hasira. Kibwana hakugeuka, lakini aliiona sauti ya basi kwenye nyuso za waliokuwa pembeni yake, walivyofumba macho mmoja mmoja. Hapakuwa na pa kukimbilia. Kuta zilikuwa zimejengwa vizuri, hilo halina ubishi. Breki zikalia. Basi jeupe lililopambwa maua lilisimama hatua tatu kutoka kwa mwombolezaji wa mwisho, mzee mmoja mwenye vigimbi, ambaye aliendelea kutembea kwa sababu miguu yake ilikuwa bado haijapata habari.

Waziri Gwambasa aliruka chini kabla mlango haujafunguka wote.

"Nani kairuhusu maiti imtangulie Mtangulizi Mkuu?" alipiga kelele. "Nani? Jeneza hili lina kibali?"

"Lina nambari," Kibwana alisema bila kusimama. "Sifuri sifuri sifuri moja."

Waziri akaiona ile chaki. Basi la Mtangulizi Mkuu lilikuwa bado halijapewa nambari. Lilikuwa linasubiri kupewa hiyo, kituoni, kwa sherehe. Akamgeukia dereva.

"Rudisha basi nyuma!"

"Kwa gia ipi, Mheshimiwa? Si mliichukua?"

Walinzi sita wakashuka, wakapita mbio, wakaelekeza bunduki kwenye jeneza, kwa sababu ndilo lililokuwa mbele.

"Liwekeni chini!"

"Liweke wewe," Fundi Kirobo alisema.

"Nitapiga!"

"Mpige. Keshakufa."

Waliobeba waliendelea kupiga hatua palepale, pua za bunduki zikifuata jeneza kulia na kushoto. Jasho liliingia machoni mwa Kibwana na hakuwa na mkono wa kulifuta. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya bomba. Hapo akashuka Mtangulizi Mkuu mwenyewe, mtu mfupi, viatu vinalia kama vifaranga.

"Kuna tatizo gani?"

"Marehemu amekutangulia, Mtukufu," alisema Waziri.

Mtangulizi Mkuu alifikiri. Wale waliomwona wanasema ilikuwa kama kumtazama mtu anayesukuma kabati. Kisha akapita katikati ya waombolezaji, akapita jeneza, akasimama mbele yake, akavuta koti.

"Sasa nani yuko mbele?"

"Ni wewe, Mtukufu!" Waziri alilia kwa furaha.

Basi wakaendelea, Mtangulizi mbele, jeneza nyuma yake, basi likifuata taratibu, na redio ya taifa ikitangaza kwa msisimko kwamba kiongozi wetu anawatangulia hata marehemu.

*

Kituoni alipanda jukwaani kuhutubia. Hotuba ilikuwa na kurasa thelathini na tisa. Jeneza halikuweza kumpita, kwani ni uhaini, wala kusimama, kwani ni mwiko. Kulia, kushoto. Makaburi yalionekana nyuma ya jukwaa, karibu hata Kibwana aliona lile kaburi lililochimbwa, na wachimbaji wameegemea majembe wakimtazama. Ukingoni mwa makaburi gari la Halmashauri lilikuwa limeshaegeshwa, mlango wa nyuma wazi. Karani wake alikuwa anaangalia saa.

"...na ndugu zangu," Mtangulizi Mkuu alikuwa anasoma, "ni hapa ambapo wananchi mia sita na kumi na wanne walivuka, wakaipenda kesho yao, wakakataa kuirudia jana..."

"Saa ngapi?" mjomba aliuliza.

"Kumi na mbili kamili."

"Kabakiza kurasa ngapi?"

"Yuko ya tano."

Kibwana alijua kwamba akinyamaza ataendelea kuwa na feni. Alijua pia uzito uliokuwa begani mwake ulikuwa mdogo mno, mama yake alikuwa amekonda sana mwishoni.

"Mtukufu!" alipaza sauti. "Hao mia sita na kumi na wanne, umeshawaona?"

Waziri alimkodolea macho.

"Sijawaona," Mtangulizi Mkuu alisema.

"Makazi yao yako hapo nyuma yako. Hakuna kiongozi aliyewahi kuwatembelea. Utakuwa wa kwanza."

Neno hilo, "wa kwanza", lilimwingia. Akakunja hotuba, akashuka upande wa pili wa jukwaa, akaelekea makaburini kwa haraka, na jeneza likamfuata bila kuvunja sheria yoyote. Wachimbaji walitupa majembe. Fundi Kirobo aliingia kaburini mwenyewe. Wakamteremsha Bi Mwanatabu, kitambaa cha kijani kikashikwa pembe nne, na udongo ukaanza kurudi kwa mikono, kwa majembe, kwa kofia.

"Wako wapi?" Mtangulizi Mkuu aliuliza, akizungusha macho.

"Waliobaki ni tisa," Kibwana alisema, magoti yake kwenye udongo, akisukuma kwa viganja. "Hao hapo kushoto kwako, wenye udongo mwekundu. Wengine walirudi siku ileile, kwa njia nyingine, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Ndiyo desturi yetu. Nilijua. Niliandika nikafuta, nikaweka saini."

Karani wa Halmashauri alifika anahema. "Jua limezama!"

"Na kaburi limefungwa," alisema mjomba, akipiga udongo na sehemu ya nyuma ya jembe. "Kamwandike mwingine."

Mtangulizi Mkuu aliwahesabu wale tisa kwa kidole. Waziri Gwambasa alikuwa ameanza kufungua vifungo vya shati ili apumue.

"Kwa hiyo hesabu yetu ina kasoro," Mtangulizi alisema.

"Ndiyo, Mtukufu," alisema Kibwana.

"Na kasoro inatokana na watu hawa kurudi kwa njia nyingine."

"Inatokana na fomu, Mtukufu."

"Fomu imeidhinishwa na wafadhili. Hawa wameidhinishwa na nani?" Akamgeukia Waziri. "Andika. Kuanzia saa hii ni marufuku kurudi kwa njia nyingine. Aliyeingia kwa lango la Kisiki atatoka kwa lango la Kisiki, kwa njia ileile aliyojia."

"Lakini njia hiyo inakwenda upande mmoja," Kibwana alisema. "Tutarudije?"

"Kuna kamati," alisema Mtangulizi Mkuu.

*

Wanaume arobaini na watatu wa Kisiki walizuiwa upande wa magharibi usiku ule na usiku uliofuata. Askari waliwekwa nyuma ya kiwanda cha ngozi na kwenye Kivuko cha Taifa. Mwezi wa kwanza walilala chini ya paa la kituo. Mwezi wa tatu walijenga vibanda. Wake zao waliwarushia nguo na mikate juu ya kuta, hadi kuta zilipoongezwa urefu. Mwishoni mwa mwaka Wizara iliwahesabu na kutangaza kuwa magharibi inakua kama ilivyotabiriwa, na awamu ya pili ya mkopo ikatolewa.

Waziri Gwambasa alipewa nishani ya ukuaji. Mwaka uliofuata gari lake liliingia uchochoro usiotokea upande wa pili na halikuweza kutoka. Alihamishiwa ofisi iliyojengwa mahali hapo.

Koplo Sikudhani alishtakiwa kwa kutoa nambari 0001, akafungwa miezi sita, akaachiwa. Sasa anauza sabuni ya mche sokoni.

Mtangulizi Mkuu yupo. Hotuba ilichapishwa yote.

Kamati imekutana mara kumi na nne.

Fundi Kirobo aliishi magharibi miaka miwili, akawatengenezea wenzake milango na vitanda. Hakumsemesha mpwa wake hata neno moja katika miaka hiyo miwili, ingawa walilala kibanda kimoja. Alikufa wakati wa masika na alizikwa mstari wa pili, hatua nane kutoka kwa dada yake. Walimbeba moja kwa moja kutoka kibandani.

Kibwana Pazi alifukuzwa kazi kwa kusema kweli wakati wa hotuba. Anapalilia makaburi kwa malipo ya chakula. Mkewe alimsubiri mwaka na miezi minne, kisha akaomba talaka kwa kupiga kelele ukutani, naye akaitoa kwa njia hiyohiyo, mashahidi wawili kila upande.

Mabasi yanapita kila baada ya dakika sita. Hayasimami Kituo cha Makaburini, kwa kuwa fomu inasema pale hakuna abiria.